Gasketi ya Mzee Dankwa

Mama Birago hakuwa mteja, alikuwa adhabu. Kila Jumatatu alilileta gari lake karakanani kwangu, hapa Suame Magazine, mtaa mzima wa mafundi wa magari, na kabla hajazima injini alikwishaanza.

"Nimako! Limechemka tena kilima cha Mampong. Limekunywa madumu manne, na mimi mwenyewe sijaonja hata maji ya pakiti!"

Ilikuwa pikapu ndefu ya kubebea viazi vikuu kutoka Ejura, nyuma imeandikwa Nyame Bekyere, Mungu atatoa. Kwa miaka tisa ilichemka kilima kilekile. Mafundi walishang'oa themostati, maana Magazine nzima inaamini kile ni kidude cha nchi za baridi. Feni waliiunga moja kwa moja izunguke bila kupumzika. Rejeta ilibadilishwa mara mbili. Kilichobaki ni hedi gasketi, lile bati jembamba linalobanwa kati ya bloku na silinda hedi ili moto na maji visikutane. Hilo hakuna aliyethubutu kuligusa.

"Tuibadilishe sasa, Mama, kabla haijaungua," nilimwambia.

"Kwani imekufa?"

"Bado."

"Sasa wewe unataka kumzika mtu anayepumua?"

Wachomeleaji wa jirani waliangua kicheko. Nami nina hasira za karibu, hasa nikichekwa kwenye kazi yangu.

"Ikiungulia kilimani na mzigo, maji yataingia kwenye silinda, hedi itapinda, utanunua injini nzima. Msimu wa viazi unaanza wiki ijayo. Au unataka ukalale Mampong na viazi vyako?"

"Injini ikifunguliwa mara mbili si injini tena. Hata mtoto wa Magazine anajua."

Kweli, hapa kwetu hiyo ni kama amri ya kanisa. Muuza gari ataapa kwa jina la mama yake kwamba injini haijaguswa tangu ishuke melini, na bei inapanda hapohapo. Basi nikatoa neno lililokuwa limebaki, na ningali naona haya kulitaja.

"Mama, gasketi iliyomo humo ni ya Dankwa. Unaiamini?"

Akanitupia funguo.

Dankwa ndiye aliyenifundisha kazi. Miaka tisa nyuma alibadilisha gasketi ya gari hilihili, mimi nikimsaidia. Siku tatu baadaye lilichemka Mampong na viazi vikaozea barabarani. Mama Birago alikuja hapa na shoga zake, akamtukana yule mtu mzima mpaka kuku wakakimbia, kisha akampeleka mbele ya wakubwa wa mafundi. Dankwa alisema neno moja tu, akalirudia: "Fungueni injini tuone." Mama Birago alikataa katakata, na wakubwa wakamuunga mkono, maana nani anafungua injini mara mbili ndani ya wiki moja? Dankwa alitozwa kondoo na chupa mbili za shinapsi, ile pombe kali. Chupa nilizibeba mimi. Wateja wakamkimbia, na mwaka wa pili akafunga karakana akaenda kuziba pancha za baiskeli mlangoni kwake, Kronum. Nafasi hii niliichukua mimi, na spana zake pia. Nikawa nasema kama wenzangu kwamba mzee mkono ulikuwa umemwisha.

Asubuhi iliyofuata nilifungua. Nililegeza bolti moja moja kwa utaratibu alionifundisha yeye, nikainua hedi, nikaitazama gasketi.

Ilikuwa nzima. Nilipangusa mafuta, nikaipeleka juani, nikapitisha ukucha kila ukingo. Hapakuwa na ufa, hapakuwa na alama ya kuungua, wala palipobonyea. Miaka tisa ya kuchemshwa, na bado ilikuwa imebana. Nami mbele ya wachomeleaji wote nilikuwa nimeapa kwamba inakaribia kufa.

Ndipo nikaona kitu kwenye tundu la maji, nyuma kabisa ya bloku. Kilikuwa cheusi, kimelowa, kimechungulia kidogo. Nilidhani ni tope la kutu. Nikakibana kwa koleo, nikavuta. Kikaja. Kikazidi kuja. Kilikuwa kitambaa.

Nilikisuuza kwenye petroli. Rangi ilikwisha zamani, lakini pindo lilikuwepo, limeshonwa kwa mkono, kwa uzi mwekundu wa nailoni.

Uzi ule niliujua. Nilipoanza kazi, mama yangu alichana kitenge chake cha kanisa akanipa niwe napangusia mikono, na kwa kuwa hakupenda kuona nyuzi zikining'inia, kila kipande alikipiga pindo. Magazine nzima hapakuwa na fundi mwingine mwenye matambara ya pindo jekundu. Walikuwa wakinicheka.

Tukikwangua bloku huwa tunaziba matundu ya maji kwa matambara uchafu usiingie. Dankwa alikuwa na sheria: hesabu yanayoingia, hesabu yanayotoka. Siku ile aliniuliza, "Vitambaa?" Nikajibu, "Vyote, Mzee." Sikuhesabu. Nilikuwa namtazama msichana muuza kenkey, madonge ya mahindi, anavyopita.

Miaka tisa! Rejeta mbili, kondoo mmoja, mtu mzima kaanikwa hadharani, na mzizi wake ulikuwa kinywa changu na kitambaa cha mama yangu. Moyo ukaniambia upesi, petroli hiyo hapo, kiberiti mfukoni, nani atajua?

"Nimako!" Mama Birago alikuwa ameshafika, mkono ameukunjua. Ndiyo desturi yetu: kitu kilichotoka ndani ya gari lazima fundi akiweke mkononi mwa mwenyewe, aone kwa macho yake. "Haya, nipe huo uchafu wa Dankwa niutazame."

Nilimpa gasketi. Aliigeuza upande huu na huu.

"Mbona haijaungua? Wewe mtoto, umenifungulia injini bure?"

Mkono wangu wa pili ulikuwa nyuma ya mgongo. Sijui nini kiliusukuma. Niliuleta mbele, nikamwekea kile kitambaa juu ya gasketi.

"Na hiki ni nini?"

"Ni changu, Mama. Kilikuwa kimeziba njia ya maji. Nilikisahau humo mimi, siku ile ya Dankwa."

Nilijikaza nikisubiri matusi. Hayakuja. Alikaa juu ya tairi kuukuu, kitambaa kikimlowesha gauni.

"Alisema tufungue," alisema mwishowe, taratibu. "Mimi ndiye niliyekataa. Nimako, yule kondoo... mguu wa nyuma niliula mimi."

Niliziba matundu ya bloku kwa matambara upesi, tukaenda Kronum pamoja kwa teksi, na gasketi na kitambaa kile. Dankwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, tairi la baiskeli mapajani. Amekonda. Mama Birago, ambaye sijawahi kumwona akimpigia mtu goti, alipiga magoti kwenye vumbi. Mimi nilisimulia yote.

Mzee hakukitazama kitambaa. Alinyoosha mkono kwenye gasketi. Akaipitishia vidole taratibu, kila tundu, kila ukingo, kama ninavyomkumbuka.

"Ilikuwa imeshika?" aliuliza.

"Imeshika, Mzee. Nzima kabisa."

"Kila upande?"

"Kila upande."

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Niliwaambia wafungue," alisema, akimwambia mkewe aliyesimama mlangoni. "Si niliwaambia?"

"Uliwaambia, baba," mkewe akajibu.

Kisha akaniangalia mimi, kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Gari la watu umeliacha wazi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Rudi ukalifunge. Vitambaa vingapi humo?"

Tena sikuwa nimehesabu.