Pua ya Kuazima

Kwenye dirisha la vipimo mtu haitwi mara mbili. Fundi aliposikia nesi akitaja jina la mdogo wake, akaitika "Abee!" haraka, asije akaghairi. Akashusha barakoa, akainua uso. Kijiti kikazama puani mpaka machozi yakamtoka.

Mwenyewe alikuwa mshona sare, mzima wa afya. Mgonjwa alikuwa mdogo wake, mwalimu wa chekechea ambaye mtaa mzima ulimwita Ticha, na saa hiyo alikuwa ameketi nje kwenye ngazi kwa kuwa miguu haikumudu foleni. Alikuwa na saratani ya damu. Dawa za saratani zilikuwa zimemmaliza kinga yote, na virusi vya mafua vikamkuta hivyo, mlango wazi. Fundi naye aliviugua, siku tano tu, akarudi kwenye cherehani yake. Kwa Ticha vilihamia kabisa. Wiki ya tisa hii, kila Jumatatu kipimo kinasema chanya, na kila chanya dripu ya saratani inaahirishwa. Saratani yenyewe haijui kuahirisha.

Chumba cha kumtenga mgonjwa wa namna hiyo, apate dripu peke yake, kilikuwepo. Kipo, wallahi, kina mlango wa kioo na kibao! Lakini Bwana Stoo alikuwa amerundika humo viti vya ukumbi, na kila Fundi alipomwendea jibu lilikuwa lilelile.

"Vile viti vimeandikishwa, mama. Havitoki mpaka kamati ikae."

"Itakaa lini?"

"Mwenyekiti yuko safarini."

Kamati ya viti, na haijapata pa kukaa!

Saa sita mchana nesi wa dirishani, aliyemjua Ticha kwa daftari tu, akampa Fundi karatasi. "Hongera, dada yangu! Hasi! Wiki tisa si mchezo." Alifurahi kwa dhati, na furaha ile ndiyo iliyomchoma Fundi.

Akaenda kumwinua mdogo wake. "Twende, tunaingia."

"Mbona mimi sijachokonolewa pua?"

"Nimechokonolewa mimi."

Ticha akamkodolea macho. "Dada, umechanganyikiwa?"

"Daktari kasema wiki hii isipite bila dripu. Sasa niambie wewe, nifanye nini?" Akamshika kwapani amwinue. "Nikuzike kwa sababu ya viti?"

Ticha akajisukuma kwa mkono, akainuka. Akajiegemeza kwa dada yake, wakaenda.

Kwenye chumba cha dripu wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wamebanana bega kwa bega. Wa mwisho alikuwa Kinyozi, mzee asiyebakiwa na unywele hata mmoja. Alipomwona Ticha akaondoa koti lake kwenye kiti cha pembeni.

"Ticha! Nimekushikia nafasi, wiki zote hizi. Haya, leo nani anamnyoa mwenzake?" Akacheka mpaka akashika mbavu.

Ticha akagota mlangoni. Akamgeukia nesi wa dripu. "Hiyo karatasi si yangu."

"Nyamaza wewe!" Fundi akamshika mkono.

"Dada, yule mzee hana kinga. Wote hawa hawana. Nitawaua."

"Na wewe je? Wewe nani anakufikiria?"

Nesi akaichukua karatasi mkononi mwa Fundi, akaisoma, akamtazama Fundi, ambaye jicho lake lilikuwa bado jekundu kwa kile kijiti. Hakufoka. Aliichana vipande viwili, akavitia mfukoni. "Mimi sijaona kitu. Njooni Jumatatu."

"Jumatatu atakuwepo?" Fundi aliuliza.

Walirudi kwa kujikokota. Katikati ya korido miguu ya Ticha ikagoma, na Fundi akamwita mlinzi. "Kaka, tusaidie kiti, mgonjwa anaanguka."

"Vya huku vimekwisha, mama."

Hapo ndipo Fundi alipoona wamesimama wapi. Nyuma ya kioo viti vilikuwa vimepandana mpaka darini, vingine bado vimo kwenye nailoni. Akakivuta kitasa. Akaupiga mlango teke, la pili, la tatu. Kufuli likacheza tu.

"Mama, utavunja mali ya hospitali," alisema mlinzi.

Ticha, ambaye alikuwa ameshateremka ukutani taratibu, akamvuta dada yake sketi. Akatumia sauti yake ya darasani, kidogo iliyobaki.

"Haya watoto, tukae chini."

Fundi akakaa sakafuni, akampakata mdogo wake, akalia bila kujificha.