Gari Lisilo na Klachi

Nimeendesha gari la kubebea maiti miaka ishirini na sita, na hakuna jeneza lililowahi kutikisika nyuma yangu. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Wasindikizaji hutembea kwa miguu, polepole, na dereva lazima aende mwendo wao. Siri yake ni nusu klachi: mguu wa kushoto unaikanyaga na kuiachia kidogokidogo, gari linatambaa bila kushtuka. Mama yangu, ambaye hampaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, aliniona kazini siku moja akaniambia, "Siku yangu ikifika, unibebe wewe. Sitaki kurushwarushwa." Nikamwahidi.

Kisha gari letu likazeeka. Mwenye kampuni ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alichoka kushinda kwa mafundi, akasema tununue jipya kabisa. Nikamwambia sawa, ila liwe la gia za mkono.

Tulizunguka maduka manne ya magari. Katika la kwanza, muuzaji aliniuliza kama ninatania. La pili walikuwa nalo moja tu, pikapu ndogo ya kubebea saruji. La tatu, dada mmoja mwenye adabu alipekua kompyuta yake kwa muda mrefu, akasema, "Mzee, la ukubwa huo kiwandani hawatengenezi tena. Labda uagize, usubiri mwaka mzima, na hata hapo siahidi kitu." Nilimchukia kwa dakika tatu hivi, na wala hakuwa na kosa. Duka la nne hata sikushuka.

"Dunia nzima imebaki na mguu mmoja," nilimwambia shemeji.

"Jaribu otomatiki," alisema. "Ukishindwa, itabidi nitafute dereva mwingine. Sikufichi, shemeji."

Nilikubali shingo upande. Duka la tatu walituachia gari la otomatiki siku mbili tulijaribu, tukapakia jeneza tupu, tukaingia barabara ya nyuma ya ofisi. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Nilipotaka kupunguza mwendo kwenye kona, mguu wa kushoto, bila kuniuliza, ukaenda kutafuta klachi. Haikuwepo. Ulichokuta ni breki, ukaikandamiza mpaka chini. Gari likasimama papo hapo, jeneza likateleza na kugonga mgongo wa kiti changu. Shemeji alishuka, akalirudisha jeneza mahali pake. Heri angefoka. Niliona aibu, ile ya mtu mzima.

Jioni nikamweleza mama. Alicheka mpaka akatafuta kitambaa cha kujifuta machozi.

"Mguu mkaidi huo, wa baba yako kabisa," alisema. "Kesho niletee hilo gari. Wa kubebwa ni mimi, acha nilipime mwenyewe."

Nilimwambia hayo si mambo ya kufanyia mzaha. Lakini mama akishanuia jambo, basi. Asubuhi alivaa gauni lake la kutokea, nikatandika godoro pale panapokaa jeneza, akajilaza chali na kukunja mikono kifuani.

"Haya, nenda. Ukinigongesha kichwa nitakusikia."

Nilivua kiatu cha kushoto, nikaukunja ule mguu chini ya kiti, nikaachia breki taratibu. Gari likatambaa lenyewe. Kona ya kwanza ikapita, na ya pili. Mguu ulitetemeka lakini haukutoka. Mwisho wa barabara nikaegesha, jasho likinitiririka.

"Vipi, mama?"

"Laini. Hili mtu yeyote anaweza kuliendesha."

"Hilo ndilo linaloniudhi."

"Mimi limenifurahisha." Alikuwa amegeuza kichwa, anatazama benchi dogo la pembeni. "Hapa hukaa nani?"

"Wafiwa. Mara nyingi mtoto wa marehemu."

"Basi siku hiyo wewe utakaa hapa."

Nilimkumbusha kwamba nilimwahidi kumwendesha.

"Tulikosea, mimi na wewe," alisema. "Akina mama wote uliowapeleka, watoto wao walikaa nao huku nyuma. Wa kwangu ndiye anipe kisogo?"

Miaka yote hiyo niliwaza klachi na kona na mwendo, na sikuwahi hata mara moja kuwaza kwamba siku hiyo mfiwa nitakuwa mimi. Iliniuma. Nilishuka, nikazunguka, nikafungua mlango wa nyuma, nikakaa. Benchi lilikuwa jembamba, na magoti yangu yaligusa godoro.

"Mwambie shemeji yako anunue," alisema mama. "Na huyo dereva mwingine umfundishe wewe mwenyewe."

Nikaushika mkono wake. Ulikuwa na joto.