Kila Mmoja Ng'ambo ya Mwenzake

Kila asubuhi mimi na Mama Pacha tulikutana katikati ya daraja, kila mmoja na mkoba wake wa dawa begani. Mimi natoka mtaa wa juu ninakoishi, nakwenda kuhudumia wagonjwa wa mtaa wa chini. Yeye anatoka mtaa wa chini anakoishi, anakuja kuhudumia wa kwetu juu. Tunasalimiana, tunacheka, tunapishana. Ukihadithiwa utadhani mtu anatunga, lakini ndiyo ilikuwa ratiba yetu.

Aliyeipanga ni msimamizi wa zahanati, tuliyempachika jina la Bwana Utaratibu. Eti mhudumu wa afya akizunguka mtaa wake ataleta upendeleo. "Leo shangazi, kesho jirani, keshokutwa dawa zimeisha," alituambia, na hayo aliyasema akichezea funguo za gari la zahanati. Kweli, aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Kutembea nimezoea, ningemeza tu. Lakini mmoja wa wagonjwa wa mtaa wa juu alikuwa mama yangu mzazi, ninayekaa naye. Ana kisukari, na unyayo wake wa kulia ulikuwa na kidonda cha kusafishwa kila asubuhi. Mimi naamka chumba cha pili, mikono ninayo, ujuzi ninao, halafu namwacha hapo amsubiri mtu wa ng'ambo, anayefika jua limeshakuwa kali na bandeji imelowa. Iliniuma, nisiseme uongo. Dawa yake ilikuwa kwenye mkoba wa Mama Pacha, na kukutwa na dawa ya mgonjwa wa mwenzako ni kufukuzwa. Mama mwenyewe alinikataza.

"Usijiponze, mwanangu. Ukikosa kazi tutakula huo mguu?"

Nikaenda kwa Bwana Utaratibu kuomba tubadilishane mitaa. Akasema ombi litajadiliwa kwenye kikao. Kikao lini? Kikitangazwa nitajua.

Mama Pacha ndiye aliyechoka wa kwanza. "Shoga, lete mkoba wako, chukua wangu," akaniambia palepale darajani. Tukabadilishana, kila mtu akageuza akarudi kwao. Basi ikawa hivyo. Kidonda cha mama kikaanza kufunga, na kule chini watu wakapata dawa kabla hawajatoka kwenda kazini. Hadi siku Bwana Utaratibu alipopita na gari, akatukuta tunapeana mikoba.

Akashusha kioo. "Ratiba haipangwi barabarani," akasema. Sote wawili tukapewa onyo la mwisho kabla ya kufukuzwa, tukarudi kupishana kama zamani.

Zikaja mvua. Mto ukafurika usiku, asubuhi daraja limefungwa. Mimi nimekwama juu na vidonge vya presha vya watu wa chini. Mama Pacha amekwama chini na dawa ya mama yangu, na zahanati na duka la dawa navyo viko hukohuko kwake. Tulipigiana simu, akaishia kulia. Nilimsafisha mama kwa maji ya chumvi, nikikiona kidonda kinageuka rangi mbele ya macho yangu. Maji yalipopungua tukambeba hadi hospitali. Daktari akaniuliza kwa nini mgonjwa amecheleweshwa, mimi ninayelala chumba cha pili.

Kikao hatimaye kikaitishwa. Bwana Utaratibu akasimama mbele, akaeleza mpango mpya aliouwaza yeye, wa kupunguza safari zisizo na maana: kila mhudumu ahudumie mtaa anaoishi. Akapigiwa makofi. Mama Pacha alikaa pembeni yangu, mikono yake kaikalia.

Ratiba yangu aliniletea mwenyewe hadi kwenye kiti. Mgonjwa wa kwanza, mama yangu. Kazi, kusafisha kidonda cha unyayo wa kulia.

"Haya, si ndicho ulichotaka?" akaniuliza, anatabasamu.

"Ndicho," nikamwambia. "Ila mguu haukungoja kikao. Wameukata juzi."