Yasini Hakujitoa

Mwaka wa pili wa vita vya pili, mji wa Baraka kando ya ziwa ulikuwa umebaki na mbuzi, wagonjwa na wakaidi. Waliopata nafasi kwenye mitumbwi walivuka ziwa kwenda Kigoma. Waliokosa walipanda vilima vya upande wa Fizi, wakajenga vibanda vya majani na kuviita mtaa. Raphaël Mlondani alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa katekista wa parokia, Mwalimu kwa kila mtu, kwa miaka kumi na tisa, na hata huko vilimani kila Jumapili aliwakusanya watu chini ya turubai lililotoboka, akawasomea na kuwaombea, kwa kuwa padri alikuwa amekwenda zake siku nyingi.

Siku hiyo aliteremka kwenda kuchimba mihogo katika shamba lake nyuma ya mji. Watoto wake watano walikuwa wanaingia siku ya tatu bila bugali. Alifuatana na Marthe, mwanakwaya wa kanisa la Kipentekoste, aliyebeba mtoto mchanga mgongoni na ambaye shamba lake lilipakana na la Raphaël. Wote wawili hawakujua kwamba jana yake gari la wanajeshi lilivamiwa kwenye barabara ya Fizi na askari watatu wakafa.

Walikamatwa na askari hata gunia la kwanza halijajaa. Waliswagwa kwa vitako vya bunduki hadi kwenye depo la zamani la pamba, karibu na ziwa, na humo ndani wakamkuta Yasini Swedi ameketi sakafuni, mikono imefungwa kwa kamba ya wavu.

Yasini alikuwa fundi wa mitumbwi. Yeye na Raphaël walikaa dawati moja shule ya msingi, mmoja na kofia yake mfukoni, mwingine na rozari yake shingoni, na hakuna aliyewahi kumcheka mwenzake. Yasini hakukimbilia vilimani kwa sababu mama yake, bibi Mwanahamisi, alikuwa amepooza miguu. Mkewe Munira alikuwa na mimba ya miezi sita. Yasini alimlazimisha apande pamoja na wengine, naye akabaki na mama yake kumpikia, kumwogesha na kumgeuza kitandani.

"Bamekupiga?" Raphaël alimnong'oneza.

"Kidogo. Mama hajakunywa hata maji tangu asubuhi, Mwalimu. Iko peke yake."

Kiongozi wa askari wale aliitwa Casimir. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio uliowatisha zaidi. Alivuta kiti, akaketi mbele yao. Aliutazama msalaba wa shaba kifuani kwa Raphaël, kisha kofia ya Yasini, akatabasamu kama mtu aliyepata mchezo.

"Mi nilisoma kwa bapadri miaka mbili," alisema. "Balinifukuza. Sasa nawauliza ninyi, mtanifundisha. We wa musalaba, Yesu alikufa sababu ya nini?"

Swali lile Raphaël alikuwa amewauliza watoto wa komunyo mara nyingi kuliko nywele zake. "Alikufa kwa ajili yetu sote, mukubwa. Hakulazimishwa. Alijitoa mwenyewe, na kila misa tunamtolea Mungu sadaka ile ile."

"Vizuri. We mama?"

Sauti ya Marthe ilikuwa nzima. "Ilitolewa mara moja tu, mukubwa. Damu yake ilitosha. Hakuna muntu mwengine anaombwa kumwanga yake tena."

"Ilitosha!" Casimir alicheka. "Baaskari bangu batatu bako chini ya udongo, na we unaniambia ilitosha. We wa kofia?"

Yasini aliinua kichwa. "Kwetu Isa mwana wa Mariamu ni nabii, na Mungu hakukubali adui zake bamutundike. Alimunyanyua kwake. Balifikiri bamemuua, kumbe hapana. Na kifo cha muntu moja hakifute zambi ya mwengine. Kila muntu atajibu yake."

"Kwa hiyo we huna mwenye alikufia."

"Sina, mukubwa. Na sihitaji."

Casimir alitikisa kichwa polepole, kana kwamba jibu hilo ndilo lililompendeza kuliko yote. Akasimama, akawaambia hukumu yake bila kupandisha sauti. Alitaka mtu mmoja. Mmoja akijitoa mwenyewe, kama Yesu wa katekista, wengine watakwenda zao na mihogo yao. Akikosekana, watakufa wote, na mtoto naye. Aliwapa muda mpaka amalize kula.

Akaletewa sahani ya bugali na samaki, akala mbele yao, akimung'unya vichwa vya samaki na kutema miiba karibu na miguu yao. Mtoto wa Marthe aliamka akalia, akapewa titi, akanyamaza. Raphaël alijua ni yeye aliyepaswa kusema. Miaka kumi na tisa alikuwa amewafundisha watu neno hilo moja, kujitoa, na sasa yeye hakuweza kulisema. Aliwaona watoto wake, mmoja baada ya mwingine, kwa majina. Kisha akajiona yeye mwenyewe amelala kifudifudi, na hapo ndipo alipojua kwamba anachokiogopa si njaa ya watoto, ni risasi.

Yasini alimsogelea. "Mwalimu, tunyamaze sote. Akituuwa, yeye ndiye atajibu. Tusimusaidie kazi yake."

Sahani iliisha. Casimir alipangusa vidole kwenye suruali. "Basi?"

Hakuna aliyejibu. Casimir alimpa ishara askari mmoja, naye akaenda kumnyang'anya Marthe mtoto kifuani. Marthe alipiga ukelele, akang'ang'ania kitambaa, akapigwa teke la ubavu. Askari akamwinua mtoto kwa mguu mmoja kama mtu anayepima kuku.

"Huyu," Raphaël alisema.

Mwanzoni hakuelewa kwamba sauti ile ilikuwa yake. Kisha akauona mkono wake umenyooka, na kidole kinamwelekea Yasini.

Casimir alisogea mpaka Raphaël akasikia harufu ya samaki mdomoni mwake. "Mi nilisema ajitoe. We umetoa mwengine. Sababu gani yeye?"

"Hana mutoto," Raphaël alisema. Alijua kuhusu mimba ya Munira. Mke wake yeye Raphaël ndiye aliyekuwa akimchotea Munira maji.

Casimir alicheka mpaka akashika magoti. "Bapadri balipashwa kukuweka wewe, si kunifukuza mimi!" Akaamuru mtoto arudishwe na Yasini asimamishwe.

Yasini hakulia wala hakuomba. Alimtazama Raphaël, na machoni mwake hamkuwa na hasira bado, ila mshangao, kama wa mtu aliyekanyaga ubao aliouamini ukavunjika.

"Sikia vizuri, Raphaël," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu utotoni kumwita kwa jina. "Mi sikujitoa. Sikufi sababu yako, sikufi sababu ya mama huyu. Nauawa. Usiende kusema kwa bantu maneno mengine. Na mama yangu iko ndani ya nyumba. Pita umupe maji."

Walimtoa nje. Risasi zilikuwa mbili, na kati ya ya kwanza na ya pili ulipita muda mrefu, ambao askari waliutumia kuchekeana. Kisha Raphaël akaitwa nje, akapewa jembe lake mwenyewe alilokuja nalo kuchimba mihogo, akachimba kaburi. Casimir alimsimamia, akamwambia awahi, maana Waislamu hawapendi maiti ichelewe. Hakumruhusu kumwosha wala kumlaza ubavu kama dini yake inavyotaka.

Waliachiwa jua likiwa bado juu. Nyumba ya Yasini ilikuwa mtaa wa tatu kutoka depo, upande wa kushoto. Askari wawili walikuwa wameketi njia panda wakivuta sigara. Raphaël aliwaona, akasimama, akashika njia ya kulia inayopanda vilimani. Marthe alimfuata.

Walipofika nusu ya mlima Marthe aliketi kwenye jiwe, akambana mtoto kifuani. "Tutasema nini kwa Munira?"

Raphaël alifuta udongo wa kaburi mikononi.

"Mi sitasema ulimuonyesha," Marthe alisema. "Kama si we, huyu angekufa. Tuseme alijitoa. Ni jina zuri kwake. Bantu batamuheshimu."

"Yeye alikataza."

"Yeye amekufa, Mwalimu."

Jioni hiyo kambi nzima ya vilimani ilikwisha kujua kwamba Yasini Swedi, Mwislamu, alikufa kama Kristo. Wanawake walilia. Jumapili, chini ya turubai, mzee mmoja alimwomba Raphaël atoe ushuhuda, naye akatoa. Alieleza jinsi Yasini alivyosimama mwenyewe na kusema, nichukueni mimi. Alilia kweli alipokuwa akisema, na waliomsikia walizidi kumpenda.

Munira hakuwepo chini ya turubai. Siku ile ya msiba alitaka kuteremka kumfuata mkwewe usiku huo huo, wakamshika. Siku ya nne askari walihama kuelekea Fizi, naye akateremka na wajomba zake. Bibi Mwanahamisi alikutwa sakafuni, hatua mbili kutoka kitandani. Alikuwa amejiburuta kuufuata mtungi, na hakuufikia.

Baada ya mazishi Munira alikuja kwenye kibanda cha Raphaël. Alisimama mlangoni, tumbo mbele, miguu ina vumbi.

"Niambie wewe, si bantu," alisema. "Mume wangu alijitoa kwa kupenda kwake?"

Raphaël alimtazama. Nyuma yake mkewe alikuwa anachekecha unga, na watoto walikuwa wanasikiliza.

"Ndiyo, mama. Kwa kupenda kwake."

"Hakusema kitu juu ya mama yake?"

"Hakusema."

"Alijua mama hawezi hata kujigeuza," Munira alisema. "Alijua niko na mimba yake. Akatuacha akafie bantu ba kanisa, ili bamuimbe. Kwetu hatuna hiyo sadaka. Hakuna mwenye alimuomba. Nilikuwa namulilia, Mwalimu. Sasa nashindwa."

Alivua kitambaa cheupe cha eda kichwani, akakikunja vizuri, akakiweka kizingitini pa Raphaël, akaondoka. Ilikuwa siku ya tano tu ya eda yake, iliyopaswa kudumu mpaka ajifungue. Raphaël alinyanyuka, akatoka mpaka nje, akamwona akishuka kati ya vibanda akishika mgongo. Alikuwa bado karibu. Sauti ya kawaida tu ingemfikia.

Mkewe alimwita akale. Akarudi ndani, akanawa mikono, akaketi na watoto.

Juma lililofuata Munira alipata nafasi kwenye mtumbwi wa kwenda Kigoma. Habari zilizorudi zilisema alijifungua mtoto wa kiume huko, katika kambi ya wakimbizi, na kwamba alipoulizwa jina la baba, alisema mtoto hana baba.