Wimbo Uko kwa Nyamizi

Mjukuu wangu Maua anafundisha kompyuta chuoni, Tabora mjini. Likizo iliyopita alikaa barazani kwangu na mashine yake mapajani, uso umekunjamana, chai ya maziwa imepoa mpaka imeota ngozi. Nikamwuliza, mke mwenzangu, nani kakuudhi? Akasema ameudhiwa na kitu.

Katika kazi yao, alinieleza, maelekezo hugawanywa kuwa vikazi vidogo vidogo, na kila kikazi hukabidhiwa kitu cha kushughulikia. Kukabidhi kuko kwa namna mbili. Unaweza kukipa nakala. Kitafanya kitakavyo na nakala ile, na kitu chenyewe kitabaki kama kilivyokuwa. Au unakionyesha mahali kilipo kitu chenyewe, na hapo mmoja akikigeuza, wote wanaokitazama watakiona kimegeuka. Yeye alidhani ameonyesha mahali, kumbe ametoa nakala. Asubuhi nzima alikuwa akirekebisha nakala na kushangaa kwa nini kitu hakibadiliki.

"Umenielewa, Bibi, au nimekuchosha?"

Nikamwambia nimemwelewa sana, maana jambo hilohilo nusura limpokonye Nyamizi ngoma yake. Akaifunga mashine, nami nikamsimulia kama ninavyoandika hapa.

Mwaka wa sabini na tano tulikuwa tumekwisha kuhamia kijiji cha ujamaa, upande wa Goweko. Kijiji kilikusanya watu wa sehemu tatu: sisi wa bondeni, wenzetu wa msituni waliokuwa wakilima tumbaku, na wale waliotoka karibu na reli. Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, lakini kila watu walijenga upande wao, na kuombana moto wa kuwashia jiko kulikuwa bado kwa aibu.

Nyamizi alikuwa jirani yangu, na ndiye aliyekuwa manju wa ngoma ya kina mama, yaani mwimbishaji wetu. Alikuwa mrefu, ana mwanya, na sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo kama jiwe la kusagia uwele. Alihamia na vyungu viwili, mbuzi mmoja, na ngoma ya babu yake mzaa mama. Babu huyo alikuwa pagazi wa misafara ile ya zamani iliyotoka Tabora kwenda pwani. Ngozi ya ngoma ilikuwa imebadilishwa mara nyingi, lakini mti wake wa mninga ulikuwa uleule, umesuguka pale mkanda ulipopita begani mwa mzee. Tulipohamia, vyombo vya pamoja viliwekwa stoo ya kijiji, na ngoma hiyo nayo ikaingia humo, kando ya plau na magunia ya mbolea. Nyamizi aliishika kwa sababu moja tu, kwamba ndiye manju.

Mwenyekiti wetu, Masolwa, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkavu tu. Mwaka uliotangulia tulishindwa vibaya kwenye mashindano ya ngoma, na safari hii alisimama mkutanoni akasema kina mama wakishindwa tena, kikundi kivunjwe na ngoma wapewe vijana. Watu wakapiga makofi. Tulipofika nyumbani, Nyamizi akaketi kwenye kinu kilicholazwa.

"Dada, wale watoto wataipasua kabla ya mvua. Na mimi sina kitu kingine cha babu."

Basi tukaanza mazoezi. Kwa kuwa kila upande ulikuwa na shamba lake la zamu, Nyamizi aliona ni vizuri atufuate huko huko. Akatunga wimbo mzuri wa jembe la kijiji, akatufundisha sisi wa bondeni, akaenda akawafundisha wale wa msituni, kisha wale wa reli. Kila upande ukaushika wote, mwanzo hadi mwisho. Lakini mtunzi hatulii. Njiani alipata maneno matamu zaidi, akawabadilishia wa reli. Kesho yake akapata mengine, akawabadilishia wa msituni. Sisi hakurudi kutuambia.

Siku ya kuimba pamoja mbele ya stoo ilikuwa aibu. Sisi tuko kwenye jembe, wenzetu wako kwenye pamba, wa reli wamekwisha kumaliza na wanapiga vigelegele. Kisha ugomvi. Kila upande uliapa kwamba wimbo ndio wao, wamepewa na Nyamizi mwenyewe kwa mdomo wake. Na hakuna aliyesema uongo, hapo ndipo palipouma. Masolwa alitazama, akatikisa funguo za stoo, akaenda zake.

Jioni Nyamizi alikuwa akipepeta mtama, akauacha ungo ghafla. Alikuwa amekumbuka maneno ya babu yake. Kwenye msafara, mapagazi walikuwa mamia, huyu wa Unyanyembe, huyu wa Usukuma, na hakuna aliyewaketisha kuwafundisha nyimbo. Mbele alikwenda kirangozi, mtu aliyeijua njia, na wimbo ulikuwa naye yeye tu. Akitoa mstari, walio nyuma wanaushika mkia wake na kuurudisha. Wakivuka mto, wimbo ni mto. Tajiri mwenye msafara akibana posho, wimbo ni tumbo la tajiri, na yule wa mwisho kabisa, ambaye hata hamwoni kirangozi, anaimba tumbo hilohilo.

"Mimi nimekuwa nikigawa wimbo kama unga," akasema. "Kila mtu kaenda kupika kwake. Kuanzia kesho hakuna mwenye wimbo. Wimbo uko kwangu, ninyi nitazameni mimi."

Kina mama wengine walikataa. Wa reli waliuliza, je, akiugua? Akikosea? Maua aliposikia hapo alicheka, akasema hata wao huulizana hivyohivyo, kwa sababu kitu kikiwa kimoja, anayekiharibu amewaharibia wote. Nasi tuliliona kwa macho. Katikati ya mazoezi kuku aliparamia unga ulioanikwa, Nyamizi akamkemea bila kuacha mapigo, "Shii, toka, mwizi we," na wanawake wote wa kijiji wakaitikia kwa sauti moja, toka, mwizi we. Masolwa alitoka ofisini kutazama anafukuzwa nani. Tulicheka mpaka tukakaa chini, na nadhani kile kicheko ndicho kilichotuunganisha kuliko hotuba zote tulizosomewa. Baada ya hapo Nyamizi alichunga mdomo wake, nasi tukamchunga yeye.

Wimbo wa jembe ukakaa sawa. Tukawa na mgeni pia, Bertila, aliyekuja kwa shangazi yake kusaidia kuchambua tumbaku. Kila jioni alileta kigoda chake, akasikiliza, akatupigia vigelegele. Tulimpa hata karanga za kwenda nazo.

Mashindano yalifanyika kiwanja cha karibu na stesheni ya Goweko. Waamuzi walikuwa watatu: mwalimu mkuu, bwana shamba na karani wa stesheni. Kijiji kitakachoshinda kingepanda treni kwenda kucheza Tabora siku ya Saba Saba. Walioitwa kwanza walikuwa watu wa kijiji kingine, cha ng'ambo ya reli, na manju wao alikuwa Leonia, mwanamke mnene wa madaha, mkia wa nyumbu mkononi. Pembeni yake, kwenye safu ya mbele, alikuwa Bertila. Kumbe ni mdogo wake wa tumbo moja.

Leonia akafungua kinywa, ukatoka wimbo wetu. Jembe letu, pamba yetu, mpaka pale tulipoweka kituo cha kupumua. Watu walishangilia. Sisi tulikuwa kama tumemwagiwa maji. Nilitaka kwenda kulalamika kwa waamuzi, lakini nani angetuamini? Masolwa akaja kwa haraka, akasema afadhali tujitoe, maana tukiimba ule wimbo tutaonekana sisi ndio wezi. Nyamizi alikuwa amekwisha kuivaa ngoma begani. Nikamwuliza kwa kunong'ona tunaimba nini.

"Sijui bado. Nitazameni tu."

Tukaingia. Akaanza kwa sauti ileile ya wimbo wa Leonia, hata wale wa ng'ambo ya reli wakaanza kutucheka na kutunyooshea vidole. Kisha akaupinda. Tuliimba Kinyamwezi, lakini maana yake ni hii:

"Mgeni kala kwetu, kachota mchuzi."

Kachota mchuzi, tukarudisha.

"Kenda nao kwao, kauacha chungu."

Kauacha chungu.

"Chungu ki jikoni, bado kinachemka."

Bado kinachemka, tukaitikia, wa bondeni, wa msituni na wa reli, na miguu ikashuka pamoja hata vumbi likapanda usawa wa magoti. Hakuna aliyekuwa ameusikia wimbo huo kabla. Nyamizi mwenyewe hakuwa ameusikia. Akamwimba bwana shamba anayesifu mbolea bila kuishika, bwana shamba akainama kwa kicheko. Akaimba filimbi ya treni, akaimba kofia ya karani wa stesheni, kila alichokiona kikawa mstari, na kila mstari ukapita kwetu sote mara moja kama upepo kwenye mtama. Mwisho akamgeukia Leonia, akamwimbia kwamba mchuzi uliopoa hurudishwa jikoni, basi na aje, tutampashia. Leonia alijaribu kununa, akashindwa. Akatupa mkia wa nyumbu hewani na kupiga kigelegele kirefu kuliko chetu.

Waamuzi hawakukawia kutupa ushindi. Masolwa, yule mkavu, alipita kati ya watu akambeba Nyamizi na ngoma yake juujuu, kofia yake ikaanguka asiiokote. Pale pale, mbele ya mwalimu mkuu, akatangaza kwamba ngoma ile haitarudi stoo. Ikalale kwa mwenyewe.

Tulipanda treni daraja la tatu. Behewa lilikuwa limejaa watu wa kutoka Dodoma na Itigi, vikapu, matenga ya kuku na mama mmoja aliyenyonyesha pacha. Nyamizi akaketi kwenye gunia, akaiweka ngoma katikati ya magoti na kutoa mstari mmoja. Tukaurudisha. Akatoa wa pili, na safari hii hata mama wa pacha aliitikia, na wazee wa Itigi wasiojua Kinyamwezi nao wakaudaka mkia wake kama ulivyo. Mkaguzi wa tiketi akaingia amekunja uso, akasimama mlangoni kidogo, kisha akapita akizitoboa tiketi zetu moja moja kwa kufuata mapigo, naye anaimba.