Shati la Majani

Siku ile mpumbavu alikuwa Menza. Yeye mwenyewe huwahi kulisema hilo kabla hujavuta kiti, maana amegundua kwamba mtu akijiita mpumbavu mapema, wenzake hubaki hawana la kuongeza. Asichokisema upesi ni kwamba alikuwa mpumbavu mwenye bidii. Mpumbavu mvivu angelala, na wageni wa watu wangekula chakula chao cha mchana kwa amani.

Kabla hajashika brashi ya rangi, Menza alikuwa dalali wa mbuzi mnadani Kinango. Kazi yake ilikuwa mdomo. Mtu alikuja akitaka beberu mweupe, mnene, asiye na kilema. Menza alimsikiliza kwa adabu zote, akaitikia, kisha akamuuzia jike mwenye madoa, tena anayechechemea, na mtu yule akaenda zake akishukuru. "Mnunuzi hajui anachokitaka mpaka aonyeshwe," alizoea kusema huku akimkabidhi kamba. Kwake yeye, lolote alilolitaja mnunuzi lilikuwa la kuanzia tu. Ametaja manne, anataka mawili, atachukua moja.

Ukame ulipowafagia mbuzi ukamfagia na dalali wao. Dada yake Kanze, aliyeolewa Bongwe, akamwombea nafasi kwa jirani yake, Mwalimu Rispah. Mama huyu alifundisha uchoraji wa vitambaa chuoni mpaka alipostaafu, kisha akafungua karakana nyuma ya nyumba yake: meza ndefu, fremu za kuchapia, makopo ya rangi, na kamba za kuanikia zilizompita mtu kichwani kila upande. Alimpokea Menza kwa sharti moja. Atafundishwa, atakula mchana, na kazi ya kwanza atakayoachiwa peke yake ndiyo itakayokata shauri. Mteja akiikubali, abaki awe mtu wa karakana. Akiikataa, arudi kwao akawatafute mbuzi waliosalia.

Mkono alikuwa nao, hilo hata wasiompenda hawalikatai. Ukimwekea mchicha mezani, atauchora mpaka utake kuinjika sufuria. Kilichomshinda ni sikio.

"Karatasi hii inaitwa brifu," Mwalimu Rispah alimwambia siku mteja wa kwanza alipoleta kazi. "Ni mteja mwenyewe, ila amekaa kimya. Usome kila mstari kama vile anakutazama usoni. Kisha nenda mahali nguo itakapovaliwa, tazama rangi za pale, chora, punguza, ujaribu kwenye kipande kidogo. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, Mwalimu."

Brifu ilitoka kwenye hoteli moja ya Diani. Madam Christabel, mama wa bara aliyekuwa mkuu wa wahudumu, alitaka kitambaa cha mashati ya wahudumu wa bustanini, mahali wageni wanapokula mchana. Aliandika mistari minne, wala hakupoteza wino. Mchoro utokane na bustani yetu. Rangi zisizidi tatu. Doa la mchuzi lisionekane upesi. Na wa mwisho: mgeni amwone mhudumu popote alipo, bila kuinuka kitini.

Menza na mwalimu wake wakaifanyia kazi mpaka ikaiva. Kitambaa cha manjano, manjano ya mchuzi wenyewe, ili ukimwagika usijulikane umeanguka wapi. Juu yake ua moja kubwa la bogenvilia, la rangi ya waridi, linalojirudia kwa nafasi pana, na jani la kijani hapa na pale. Kipande cha majaribio kikapigwa pasi, kikapelekwa Diani. Madam Christabel akakitandika kifuani pa mhudumu mmoja, akarudi nyuma mpaka mwisho wa bustani, akatikisa kichwa kukubali.

Ndipo simu ikaja kutoka Msambweni. Binti yake Mwalimu Rispah amejifungua, hospitali imejaa, na mama anatakiwa.

"Chapisha vile vile tulivyokubaliana," alimwambia Menza akiwa ameshafunga leso kiunoni na kapu liko mkononi.

"Sawa, Mwalimu."

"Menza."

"Naam."

"Usiongeze kitu."

Angalitulia karakanani asingalipatikana na neno. Lakini ilibidi aende hotelini kuchukua vipimo vya wahudumu, na walipomwambia angoje, akangojea bustanini. Masikini, mtu wa Kinango. Kwao kijani ni habari. Kikionekana mahali, watu huhamia hapo na mifugo yao. Hapa Fondo, mtunza bustani, alikuwa amesimama na mpira wa maji akizinywesha nyasi ambazo hakuna aliyekusudia kuzila, si mtu, si mnyama. Na kijani chenyewe hakikuwa kimoja. Kulikuwa na kijani cha mnazi, kijani cha mgomba, kijani kilichokaribia weusi ndani ya vichaka, na kingine chepesi kama maji ya dafu. Menza akarudi Bongwe mifuko ya suruali imevimba majani.

Akaitandaza brifu mezani, na yule dalali wa zamani akaamka. Rangi tatu? Huyu ametaja tatu akijua atapewa tano. Akipewa saba atalia kwa furaha. Ua moja? Bustani nzima ile, mama wa watu apewe ua moja? Na mstari wa nne, eti mhudumu aonekane, aa, huo ulikuwa wa kujazia karatasi. Mhudumu ana miguu, ana mdomo, ana sinia mkononi. Nani asiyemwona?

Akalifuta lile ua la bogenvilia, akachora majani. Majani juu ya majani, kijani ndani ya kijani, na kivuli chake, na bogenvilia zikichungulia kwa mbali kama zilivyochungulia kule kwenyewe. Akachapisha jora zima. Kitambaa kilipotundikwa kambani, kuku wa Kanze walikuja wakakisimamia chini wakitazama juu, na Menza akahesabu hiyo ni sifa.

Fundi akashona mashati, na Jumapili yakavaliwa kwa mara ya kwanza. Menza alikuja nayo mwenyewe, yamepigwa pasi, akakataa kuyafunua mpaka wahudumu wote wawe wamevaa. Jacktone, mhudumu mwenye umbo la kabati, akajitazama kiooni kwa muda.

"Msee, hii shati ni kali," alisema. "Nikisimama kando ya mgomba nitatoa ndizi."

Wakaingia bustanini, na bustani ikawameza.

Mwanzoni palikuwa na utulivu mzuri tu. Wageni wakaketi. Wakasoma menyu. Wakaifunga. Wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wakaifungua tena menyu kana kwamba wahudumu wameandikwa ndani. Mama mmoja wa Kijerumani akainua mkono, akauacha juu mpaka ukachoka, akausaidia kwa mkono wa pili. Hatua chache nyuma yake Jacktone alikuwa amesimama mbele ya bogenvilia na sinia ya juisi, anamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akatambua kwamba asipojongea hakuna wa kumlaumu. Akatulia. Naye yule mama akainuka, akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na sahani ya wali.

Kisha kima wakaja. Kima wa Diani wanawajua wahudumu mmoja mmoja, na huwa hawashuki mitini mpaka wahakikishe hakuna shati karibu. Siku hiyo hawakuona shati hata moja. Mkubwa wao akashuka polepole, kama mwenye nyumba, akapita meza mbili akichagua mikate, na alipotaka mahali pa kukaa ale, akaruka juu ya tawi lililokuwa karibu. Tawi lilikuwa bega la Jacktone.

Jacktone akapiga ukelele, sinia ikaruka, wageni wakaona kichaka kinapigana na kima. Fondo alikuwa upande wa pili na mpira wake. Naye akafanya ambalo mtunza bustani yeyote hulifanya kima akivamia mimea: akafungua maji yote.

"Samahani, kaka," alimwambia Jacktone kima alipokwisha kukimbia. "Nilijua ni kichaka cha kunyweshwa."

Madam Christabel alitokea barazani, akaitazama bustani iliyojaa wageni wanaojipakulia, akauliza bila kuinua sauti, "Watu wangu wamegoma?"

"Tuko hapa, Madam," zikajibu sauti kutoka kila upande, na mama wa Kijerumani akaiangusha sahani yake ya wali.

Ilitokea kwamba Mwalimu Rispah alikuwa ameteremka kutoka Msambweni mchana huohuo, aje kuitazama kazi ikivaliwa. Aliwakuta mlangoni mwa jikoni, Madam Christabel ameshika brifu, Menza ameshika kiuno.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Menza. "Mtoto mzima?"

"Marahaba. Mzima, anaonekana vizuri tu. Nini hiki?"

"Niliandika mistari minne," alisema Madam Christabel. "Minne tu. Huyu kijana amenipa mmoja."

"Lakini nimekupa kwa kufurika, Madam," alijibu Menza, na hapo angaliweza kunyamaza. "Umeagiza bustani, nimekuletea bustani. Na doa, je? Jacktone amemwagikiwa juisi yote ile, hebu nionyeshe doa. Huo mstari wa mwisho tungeuzungumza. Mimi nimefanya biashara miaka, najua. Mteja hajui anachokitaka mpaka aonyeshwe."

"Haya," Mwalimu Rispah alimwambia. "Mwonyeshe wahudumu wake."

Menza akageuka kuitazama bustani. Akatazama kwa makini ya mtu aliyepotelewa na mbuzi. Alimwona Jacktone peke yake, kwa kuwa alikuwa anang'aa maji. Kinango ikaanza kumjia machoni: mnada wenye vumbi, kamba zisizo na mbuzi.

"Kile kipande cha manjano nilikikubali," alisema Madam Christabel. "Hii nimeikataa."

"Basi atakichapisha cha manjano, yeye mwenyewe, kama kilivyokubaliwa," alisema Mwalimu Rispah. "Na mpaka mashati yawe tayari, mchana atakuja kuhudumu hapa. Wenzake wavae mashati yao ya zamani. Yeye avae alichokichagua. Wiki ijayo, Madam, utaniambia kama abaki kwangu au aende."

Hivyo Menza akawa mhudumu. Aliegemewa. Alitundikiwa taulo la pwani. Aliposema "Karibu, bwana," mzee mmoja aliomba radhi kwa mti. Fondo alimnywesha mara mbili, na ile ya pili Menza ana hakika haikuwa bahati mbaya. Lakini wageni walipoondoka, alianza kuketi katika viti vyao, kimoja baada ya kingine, na kutazama bustani kutoka pale. Kila kiti kilikuwa na majani mbele yake. Aliyeketi humwona anayesimama kuanzia kifuani kwenda juu, basi; kilichobaki kimezibwa na vichwa vya wengine. Ule mstari wa kujazia karatasi ulikuwa umeandikwa na mtu aliyewahi kukaa hapo akiwa na njaa.

Akarudi karakanani, akachora ua lilelile la bogenvilia, safari hii akapima mahali fundi atakapolikata, likae kifuani na mgongoni, zima, lisipasuliwe na vifungo. Rangi tatu. Ya nne ilimwita usiku na mchana, hakuitika.

Jumapili iliyofuata bustani ilikuwa kama imetawanyiwa maembe mabivu. Hakuna mgeni aliyeinuka. Kima walichungulia, wakahesabu mashati, wakaenda hoteli ya pili. Jacktone alipita mbio akiwa amebeba sahani mikono yote miwili.

"Umetuuza, kaka," alisema bila kusimama. "Leo nimeitwa hadi na meza ambazo si zangu."

Madam Christabel aliyasikia hayo, akamgeukia Mwalimu Rispah. "Abaki," alisema. "Lakini abaki kwako."

Mwezi huohuo ikaletwa brifu nyingine karakanani, ya akina mama wa Bodo wanaowatembeza wageni kwenye mikoko. Wanataka kitambaa cha vikapu. Mchoro wa mizizi ya mikoko, rangi mbili, usijae.

Menza akaisoma mara ya kwanza. Akaisoma mara ya pili, kama alivyofundishwa. Kisha akaanza kujikuna shingo.

"Mwalimu," alisema, "kuna kaa kule kwenye mikoko. Wekundu, wazuri sana. Hawa akina mama wametaja rangi mbili, lakini mimi nawajua watu, mtu akitaja mbili—"

Mwalimu Rispah hakuinua kichwa kutoka kwenye fremu.

"Lile shati lako la majani," alisema, "bado liko msumarini."