Mwalimu, Pita Mbele

Chuoni Lodwar, mhadhiri aliuliza ni nani hasa anayewakandamiza wanawake. Kijana mmoja wa nyuma akadakia, "Wanaume!" Darasa likaangua kicheko, Christelle naye akacheka, kisha akaikumbuka kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa uchungu uliomshangaza. Nani angeamini kwamba mtu mwenye bomba chumbani mwake anaweza kuililia foleni ya maji? Lakini aliililia. Alilikumbuka vumbi la alfajiri na madumu ya njano. Aliwakumbuka wanawake wa Burundi na Sudan Kusini wakitaniana kwa Kiswahili ambacho kila mmoja alikivunja kwa namna yake, na Mama Lony akicheka mpaka kitoto mgongoni kinaamka.

Siku hizo Christelle alikuwa mwalimu katika shule moja ya kambini, binti wa Kikongo wa miaka ishirini na miwili, mwenye kujiona kidogo. Kila asubuhi akifika bombani, wanawake walimpisha. "Mwalimu, pita mbele, utachelewa." Naye alipita bila haya, akajaza dumu lake, akaenda zake.

Nyariek, binti wa Mama Lony, hakupishwa na mtu. Mama yake alikuwa amejifungua juzijuzi, kwa hiyo maji ya nyumba nzima yalikuwa kazi yake. Bomba lilifunguliwa saa kumi na mbili na nusu, na saa mbili lango la shule lilifungwa. Aliyechelewa mara kumi alifutwa kwenye orodha ya mtihani wa darasa la nane. Nyariek, aliyewashinda wavulana wote hesabu, alikuwa amefikisha mara tisa.

Mama Lony akapandwa na hasira. "Mwalimu, twende," akasema. "Mimi nataka ona kwa macho hiyo mtu mbaya nazuia mtoto yangu."

Wakazunguka kambi siku nzima. Fundi wa pampu, mtu mpole, akawaeleza kwamba baada ya saa mbili maji ni zamu ya mtaa mwingine, nao pia wana watoto. Mwenyekiti wa kamati ya maji akawapa viti na chai, akawataka walete hoja yao mkutanoni, saa moja asubuhi. Saa moja wanawake wote wako bombani, na kamati ilishakata shauri zamani kwamba wanawake hawapendi mikutano! Mwalimu mkuu, Longor, akaapa kwamba sheria ya lango haibagui, mvulana na msichana ni sawa. Hata Lony, kaka mtu, angechota kwa moyo wote, ila vijana wangemcheka mpaka ahame kambi. Watu wazuri tupu. Kila mmoja ameshika kipande chake kidogo cha kamba, na hakuna aliyemkaba mtoto.

Jioni Mama Lony akaketi chini, amechoka. "Mtu mbaya hakuna," akasema. Kisha akamgeukia Christelle. "Na lango, nani anafunga?"

Christelle alitamani ardhi ipasuke immeze. "Ni miye," akasema. "Miye njo niko na ufunguo."

Mama Lony hakumkaripia. Alimtazama tu, na afadhali angemkaripia.

Asubuhi yake, walipompisha, Christelle alikataa. Akaliweka dumu lake nyuma ya la Nyariek, la mwisho kabisa. Wanawake wakadhani anaumwa.

Alifika shuleni saa mbili na dakika arobaini, wasichana kama thelathini wakimfuata. Shule nzima ilikuwa nje ya lango, maana ufunguo alikuwa nao yeye: wavulana, walimu, na Longor mwenyewe, shati limelowa jasho.

"Mwalimu Christelle! Unajua ni saa ngapi?"

"Niko najua, mwalimu mkuu. Nilikuwa kwenye foleni, sawa na hawa." Akampa daftari la wachelewaji. "Andika. Anza na miye."

Longor akalifungua daftari, akawatazama watu wote wale juani, akajikuta na yeye yuko upande uleule wa lango. Hakuandika jina la mtu.

Jumatatu iliyofuata lango la shule likaanza kufungwa saa tatu, na Nyariek akafanya mtihani wake. Muhula ulipoisha, Christelle hakuitwa tena kazini. Hilo hakulijutia hata siku moja. Alichojutia ni zile mara tisa za Nyariek, maana zote lango alilifunga kwa mkono wake.